Ujira Wake au Rangi Yake? Chuki dhidi ya Vibarua wa Kichina katika Marekani ya Karne ya 19

Leland Stanford alipoapishwa kuwa gavana wa California mwezi Januari 1862, aliliambia bunge la jimbo lake kwamba Waasia ni watu wa daraja la chini, kwamba kuwepo kwao kunaidhuru jamii ya wazungu, na kwamba yeye ataunga mkono kila hatua halali ya kuzuia wasiendelee kuingia. Wakati huo huo alikuwa rais wa kampuni ya reli ya Central Pacific. Miaka mitatu baadaye kampuni hiyo ilikwama kwa kukosa wafanyakazi, kwa kuwa wazungu wengi walioandikwa kazi walikuwa wakipokea mshahara na kukimbilia migodi ya fedha ya Nevada. Ikajaribu kuajiri kikundi cha Wachina wapatao 50, ikaridhika nao, na haikupita muda ikawa na zaidi ya 10,000, ambao ndio waliokuwa wengi miongoni mwa watu walioipasua milima ya Sierra Nevada kwa baruti na sururu.

Nimeanza na Stanford kwa sababu ndani ya mtu huyo mmoja yanakutana maelezo mawili ambayo hadi leo yanashindana kila inapoulizwa kwa nini vibarua wa Kichina walichukiwa kiasi kile. Maelezo ya kwanza husema kiini kilikuwa tumbo: Mchina alikubali ujira mdogo, akamshushia mzungu mshahara, akavunja migomo, na aliyepoteza kazi akamwona adui. Maelezo ya pili husema kiini kilikuwa rangi: Mchina alidharauliwa tangu siku za mwanzo, na habari za ujira zilikuwa kisingizio tu. Kwa maoni yangu, yote mawili yana ushahidi mzito, na yote mawili huanguka yakisimamishwa peke yake. Kinachoyaunganisha ni sheria. Dola ilimnyima Mchina vitu vilivyomwezesha mfanyakazi mwingine kudai ujira wa haki, kisha ikamwadhibu kwa kuwa kibarua rahisi.

Wengi wa wahamiaji hawa walitoka katika eneo dogo la jimbo la Guangdong, hasa wilaya nne za Siyi zilizo magharibi ya delta ya Mto Pearl, ambako wilaya inayoitwa sasa Taishan ilitoa watu wengi kuliko zote. Huko kwao mambo yalikuwa yameharibika. Vita vya Kasumba dhidi ya Uingereza, kuanzia 1839 hadi 1842, viliiacha China na fidia nzito ya kulipa na bandari zilizofunguliwa kwa nguvu. Uasi wa Taiping uliwaka kuanzia 1850 hadi 1864. Na kati ya 1855 na 1867 jamii mbili za Guangdong, Wapunti na Wahakka, waliuana wakigombea ardhi. Habari za dhahabu iliyoonekana California mwezi Januari 1848 zilifika Hong Kong kwa meli, na hadi leo jina la Kichina la mji wa San Francisco ni Mlima wa Zamani wa Dhahabu. Mwaka 1852 pekee waliteremka katika bandari hiyo Wachina wapatao 20,000. Walikuja wakitafuta riziki na mali, kama walivyokuja watu wa Ireland, Ujerumani, Chile na Ufaransa katika miaka hiyo hiyo.

Neno lililotumika kuwachafua lilikuwa «kuli». Sisi wasemaji wa Kiswahili tunalijua neno hili kutoka bandarini: kuli wa Mombasa, Dar es Salaam au Unguja ni mpakiaji na mpakuaji wa shehena, mtu wa jasho lakini mtu huru anayejua thamani ya kazi yake, na mgomo wa Unguja wa 1948 uliosimamisha mji mzima ulianzishwa na makuli. Neno lenyewe lilitoka India na kusambazwa na meli. Katika kinywa cha mwanasiasa wa California, hata hivyo, lilimaanisha mtumwa mwenye jina jingine. Tuhuma hiyo haikuzuka hewani, kwa sababu biashara ya makuli wa kweli ilikuwepo: kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1840 hadi 1874 Wachina zaidi ya 200,000 walipelekwa Cuba na Peru kwa mikataba ya kinyama, wengi wao wakiwa wamelaghaiwa au kutekwa. Waliokwenda California walisafiri kwa utaratibu mwingine. Wakala au jamaa aliwalipia nauli, nao wakairudisha pamoja na riba kutoka kwenye mishahara yao. Deni hilo lilibana kwelikweli, kwani vyama vya watu wa nyumbani vilivyojulikana kama Makampuni Sita vilikubaliana na kampuni za meli kwamba asiuziwe tiketi ya kurudi China mtu asiye na cheti cha kumaliza madeni. Anayekitazama cheti hicho kwa mbali anaweza kuona mnyororo. Lakini mdaiwa aliyekwisha kufika alichagua mwajiri, aliacha kazi alipotaka, na aliondoka mgodini alipochoka, mambo ambayo mtumwa hayawezi.

Sasa tuyape maelezo ya ujira haki yake, kwa sababu ni rahisi kuyapita haraka kwa kuogopa kuonekana tunawatetea watu waliochoma nyumba za wenzao. Kabla ya 1869 California ilikuwa kama kisiwa. Bidhaa za mashariki ya Marekani zilifika kwa kuzunguka ncha ya Amerika Kusini au kwa kukatisha Panama, na fundi viatu au msokota sigara wa San Francisco alilipwa vizuri kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kumpunguzia bei. Reli ilipokamilika tarehe 10 Mei 1869 huko Promontory, Utah, mambo matatu yalitokea kwa pamoja. Maelfu ya Wachina walioijenga waliachishwa kazi na kurudi mijini kutafuta nyingine. Viatu, nguo na sigara kutoka viwanda vya mashariki vilianza kumiminika kwa bei ya chini. Na wazungu wasio na kazi wa mashariki nao walipata njia nyepesi ya kufika magharibi. Wenye viwanda wa San Francisco walijikuta wakishindana na Boston na New York, na njia waliyoiona karibu ni kupunguza gharama ya kazi kwa kuajiri Wachina. Kisha ukaja mdororo ulioanzia New York mwaka 1873, ukafika California kwa kishindo mwezi Agosti 1875, Benki ya California ilipofunga milango yake.

Mfanyakazi aliyetolewa kwenye kiti chake cha kushonea viatu hakuiona nauli ya mizigo ya reli iliyomponza. Alichokiona ni Mchina amekaa pale alipokuwa amekaa yeye. Mtu akisema kwamba hasira ya mfanyakazi huyo ilikuwa uzushi mtupu, anakosea, na anamdharau maskini mmoja kwa lengo la kumtetea mwingine.

Tena waajiri walihakikisha kwamba hasira hiyo inapata pa kushika. Mwezi Juni 1870 mwenye kiwanda cha viatu huko North Adams, Massachusetts, Calvin Sampson, alisafirisha Wachina 75 kutoka California, karibu bara zima, ili wavunje mgomo wa chama cha mafundi viatu kilichoitwa Knights of St. Crispin. Miaka mitano baadaye, wachimba makaa ya mawe wa Rock Springs, katika eneo la Wyoming, waligoma, na kampuni ya Union Pacific ikaleta Wachina kuchukua nafasi zao. Kufikia 1885 Wachina wa Rock Springs walikuwa zaidi ya mara mbili ya wazungu chini ya ardhi, na walikuwa wamekataa kujiunga na migomo waliyoalikwa. Asubuhi ya tarehe 2 Septemba mwaka huo ulizuka ugomvi mgodini kuhusu nani achimbe chumba kipi. Kufikia usiku Wachina 28 walikuwa wameuawa, 15 wamejeruhiwa, na nyumba zao zipatazo 80 zimeteketea, baadhi zikiwa na watu ndani. Hakuna aliyehukumiwa. Serikali ya Marekani ililipa fidia ya takriban dola 147,000 kwa serikali ya China, jeshi likawarudisha manusura Rock Springs, na makaa yakaendelea kuchimbwa.

Kulikuwa pia na hofu pana zaidi ya mshahara wa mwezi. Vita vya kukomesha utumwa vilikuwa vimemalizika mwaka 1865 tu. Mwezi Julai 1869 wamiliki wa mashamba makubwa ya kusini walikutana Memphis, Tennessee, kujadili namna ya kuleta Wachina kwa wingi ili wachukue nafasi ya watu weusi waliokombolewa, ambao sasa walidai ujira na kupiga kura. Mfanyakazi wa kaskazini aliyesikia habari hizo alikuwa na sababu ya kuuliza kama utumwa haukuwa ukirudi kwa mlango wa nyuma. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Lengo lake ndilo lililopotoka. Wachina waliopelekwa mashamba ya Louisiana waliondoka kwa wingi mara walipoona mikataba inavunjwa. Aliyetaka utumwa alikuwa mwenye shamba, na Mchina alijibu kwa kufungasha virago.

Hata hivyo, maelezo ya ujira yakipimwa kwa kalenda yanapwaya. Kama ushindani wa kazi ndio uliozaa chuki, basi chuki ingesubiri ushindani. Haikusubiri. California ilipitisha kodi ya wachimbaji wa kigeni ya dola 20 kwa mwezi mwaka 1850, ikaifuta baada ya muda mfupi, kisha 1852 ikaanzisha nyingine ya dola 3 iliyopandishwa baadaye, na utozaji wake uliwaelemea Wachina kuliko mtu mwingine yeyote. Wakati huo Mchina hakuwa akifanya kazi kwa mshahara wa mtu. Alikuwa akichekecha mchanga wa mito ambayo wazungu walikwisha kuipekua na kuihama. Kwa karibu miaka 20 kodi hiyo ilikuwa moja ya nguzo za mapato ya jimbo, maana yake California ilimtukana Mchina na kula kwa jasho lake katika bajeti ile ile.

Mwaka 1854 likaja jambo ambalo mimi naliona kuwa zito kuliko kodi. Mzungu aitwaye George Hall alikuwa amehukumiwa kifo kwa kumuua mchimbaji wa Kichina, Ling Sing, na mashahidi waliomtia hatiani walikuwamo Wachina. Mahakama ya Juu ya California ilitengua hukumu hiyo. Sheria ya jimbo ilikataza ushahidi wa mtu mweusi na wa mwenyeji asilia wa Marekani dhidi ya mzungu, nayo mahakama ikaamua kwamba Mchina naye anaingia humo, sababu mojawapo ikiwa kwamba Columbus alipofika Amerika alidhani amefika Asia, na hivyo jina alilowapa wenyeji, «Indian», linawahusu watu wa Asia pia. Kuanzia siku hiyo, mzungu aliyemwibia, kumpiga au kumuua Mchina mahali pasipo na mzungu mwingine alikuwa na kinga ya mahakama. Sioni mshahara wa nani uliolindwa na hukumu hiyo.

Wala Los Angeles ya mwaka 1871 haielezeki kwa ushindani wa kazi. Huo ulikuwa mji mdogo wenye Wachina wachache, na ugomvi ulianza baina ya vikundi vya Wachina wenyewe. Mzungu mmoja alipopigwa risasi na kufa, umati wa mamia ya watu uliingia mtaani tarehe 24 Oktoba na kuwaua Wachina wapatao 18, wengine kwa kuwanyonga, bila kujali nani alihusika na nani hakuhusika. Watu wanane walitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, na hukumu zao zikatenguliwa.

Tazama pia madobi. Ufuaji wa nguo ilikuwa kazi ambayo wanaume wa kizungu wa San Francisco hawakuigombania, na Mchina aliingia humo kwa kuwa milango mingine ilifungwa. Lakini mji ulitunga masharti juu ya masharti dhidi ya nyumba za dobi. Kwa mujibu wa sheria ya mji iliyotaka kibali kwa kila nyumba ya mbao ya kufulia, maombi ya Wachina wapatao 200 yalikataliwa, ilhali karibu wote kati ya waombaji 80 wasio Wachina walikubaliwa. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoona takwimu hizo mwaka 1886, katika kesi ya Yick Wo, ilisema wazi kwamba sheria iliyoandikwa kwa haki lakini ikatumika kwa jicho baya haiwezi kusimama. Tuhuma nyingine, za kasumba, kamari, madanguro na ndui, zilirushwa kwa wingi lakini zina uzito mdogo katika hoja hii, maana San Francisco ilikuwa na kamari na madanguro ya kila taifa, na mji uliowasonga watu katika vyumba vibovu haukuwa na haki ya kushangaa walipougua.

Je, tukubali basi kwamba ni rangi tu? Hapana, kwa sababu maelezo ya rangi nayo yana mahali yanapokwama. Kama dharau ilikuwapo tangu 1852, kwa nini mwaka huo huo, mwezi Januari, Gavana John McDougal wa California aliwasifu Wachina kama kundi bora la wahamiaji na kutaka waje zaidi, na miezi mitatu baadaye mrithi wake John Bigler akalitumia suala hilo hilo kuwatukana? Kwa nini mwaka 1868 serikali ya Marekani ilitia saini Mkataba wa Burlingame uliotambua haki ya watu wa nchi hizo mbili kuhama kwa hiari? Kwa nini sheria ya kitaifa ya kuwazuia ilisubiri hadi 1882, miaka 30 baada ya maelfu ya kwanza kuteremka? Dharau ya rangi ilikuwa kama nyasi kavu zilizokuwepo wakati wote. Ili kueleza moto lazima tuseme nani aliwasha, na lini. Tena kulikuwa na Wamarekani waliokataa. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa, alihutubia Boston mwaka 1869 akitetea haki ya Wachina kuja na kuwa raia. Blanche Bruce wa Mississippi, seneta mweusi, alipinga mswada wa kuwabana Wachina mwaka 1879, na Seneta George Frisbie Hoar wa Massachusetts aliupinga ule wa 1882 kwa nguvu zake zote, akisema unavunja misingi ya jamhuri yenyewe.

Hapa ndipo sheria ya uraia inapoingia, na ndipo maelezo mawili yanapokuwa moja. Sheria ya mwaka 1790 iliruhusu uraia wa kuandikishwa kwa «wazungu huru» tu. Mwaka 1870 Bunge la Marekani liliongeza watu wa asili ya Afrika, na katika mjadala huo pendekezo la kuliondoa kabisa neno «mzungu» likakataliwa, sababu kubwa ikiwa Wachina. Matokeo yake yalikuwa ya wazi kila siku kazini. Mwaireland alifika akiwa maskini kama Mchina, akakubali ujira mdogo kama Mchina, na katika miji ya mashariki alitukanwa kwa dini yake na kwa umaskini wake. Lakini baada ya miaka kadhaa alikuwa mpiga kura. Chama cha siasa kilimtafuta, polisi walimwajiri, na mahakama ilimsikiliza. Denis Kearney, mkokotaji wa mizigo wa San Francisco aliyezunguka California mwishoni mwa miaka ya 1870 akipiga kelele kwamba Wachina lazima waondoke, alikuwa mhamiaji kutoka Ireland aliyewasili Marekani mwaka 1868, akiwa amechelewa kuliko wengi wa Wachina aliotaka wafukuzwe. Tofauti kati yake na wao ilikuwa karatasi ya uraia, ambayo yeye aliweza kuipata na wao hawakuweza.

Mtu asiyeweza kutoa ushahidi dhidi ya bosi wake, asiyeweza kumpigia kura diwani wala seneta, asiyekubaliwa chamani, na anayedaiwa nauli, atauza kazi yake kwa bei gani? Urahisi wa Mchina haukuwa tabia ya kabila lake wala mazoea ya kula wali, kama magazeti ya wakati ule yalivyodai. Ulikuwa umetengenezwa. Hata lawama kwamba Mchina ni mpita njia asiyetaka kukaa inageuka dhidi ya walioitoa: sheria ya Page ya mwaka 1875 ilitumika kuwazuia wanawake wa Kichina kwa kuwashuku wote kuwa makahaba, na mwaka 1880, kati ya Wachina 105,465 waliohesabiwa nchini, wanawake hawakufika 5,000. Huwezi kumzuia mtu kuoa, kuzaa na kuwa raia, kisha ukamlaumu kwa kutokuwa mwenyeji.

Wapo watakaosema kwamba wafanyakazi wote, wazungu kwa Wachina, walikuwa nyasi zilizoumia fahali wa mitaji walipopigana. Methali hiyo haitoshi hapa. Mwezi Juni 1867, katika mahandaki ya Sierra Nevada, maelfu kadhaa ya Wachina waliweka chini zana zao wote kwa pamoja, kwa utulivu ambao uliwashangaza mabosi. Walikuwa wakilipwa takriban dola 30 hadi 35 kwa mwezi na kujilisha wenyewe, wakati mzungu asiye na ujuzi alipewa kiasi kama hicho pamoja na chakula na malazi. Walidai dola 40 na kupunguzwa kwa saa za kazi kwa wanaofanya kazi ndani ya mahandaki. Charles Crocker, mkuu wa ujenzi, alikata chakula kilichopelekwa kambini, na baada ya takriban juma moja njaa iliwarudisha kazini. Hao ndio watu ambao vyama vya wafanyakazi viliwaambia wanachama wao kwamba kwa asili hawawezi kuungana wala kudai haki. Hakuna chama kilichowaunga mkono. Katika miaka ya 1870 vyama vya wasokota sigara vya San Francisco vilibuni lebo nyeupe ya kumwonyesha mnunuzi kwamba bidhaa imetengenezwa na mikono ya wazungu. Lebo ile ingeweza kumhakikishia mnunuzi kwamba aliyesokota amelipwa haki yake. Ilichohakikisha ni rangi ya ngozi yake. Kwangu mimi hapo ndipo chama cha wafanyakazi kilipoacha kupigania ujira na kuanza kupigania mpaka.

Matukio ya Julai 1877 yanaonyesha geuko hilo likitokea usiku mmoja. Wafanyakazi wa reli wa mashariki walikuwa wamegoma, na mkutano wa hadhara uliitishwa karibu na jengo la halmashauri la San Francisco kuwaunga mkono. Wasemaji walizungumzia kampuni na mishahara. Pembezoni mwa umati vijana walianza kupiga kelele dhidi ya Wachina, na kabla ya saa nyingi kupita kundi kubwa lilikuwa likivunja nyumba za madobi. Ghadhabu iliyoelekezwa kwa wenye majumba ya kifahari ya kilima cha Nob Hill ilimwangukia mtu aliyekuwa akipiga pasi. Sababu yake haikufichika: kumpiga Crocker kulikuwa na gharama, kumpiga dobi hakukuwa na yoyote.

Wanasiasa waliijua hesabu hiyo. Chama cha Kearney kiliingiza wajumbe wengi katika mkutano wa katiba mpya ya California, na katiba ya 1879 ikakataza makampuni kuwaajiri Wachina, kifungu ambacho mahakama ya shirikisho ilikibatilisha mwaka uliofuata. Kitaifa, vyama viwili vikubwa vilikuwa vimelingana nguvu kiasi kwamba uchaguzi wa rais wa 1880 uliamuliwa kwa tofauti ya chini ya kura 10,000 za wananchi nchi nzima. Katika hali hiyo kura za majimbo ya Pasifiki zilikuwa na thamani kubwa kuliko idadi ya watu wake, na Wachina, ambao hawakuwa na kura hata moja, walikuwa kitu cha bei nafuu kuliko vyote cha kutoa kafara. Rais Chester Arthur alitumia kura ya turufu kuukataa mswada wa kuwazuia kwa miaka 20, akautia saini ule wa miaka 10 tarehe 6 Mei 1882.

Sheria hiyo ikisomwa vifungu vyake inatoa ushahidi kwa pande zote mbili za mjadala wetu. Iliwazuia vibarua, wenye ujuzi na wasio nao, lakini iliwaacha wafanyabiashara, walimu na wanafunzi waingie. Hilo ni jicho la mtu anayehesabu kazi na mishahara. Wakati huo huo ilikataza mahakama zote kumpa uraia Mchina yeyote, hata mfanyabiashara tajiri asiyeshindana na kibarua yeyote. Hilo ni jicho la rangi peke yake. Mwaka 1892 muda wake ulirefushwa na kila kibarua wa Kichina akatakiwa kuwa na cheti cha ukaazi. Mwanzoni mwa karne iliyofuata ikafanywa ya kudumu.

Ahadi iliyotolewa kwa mfanyakazi wa kizungu ilikuwa kwamba Mchina akiondoka, ujira utapanda. Idadi ya Wachina ilishuka kweli, kutoka takriban 107,000 mwaka 1890 hadi karibu 62,000 mwaka 1920. Utafiti wa wanauchumi uliotolewa mwaka 2024 ulikuta kwamba maeneo ya magharibi yaliyopoteza Wachina wengi yalikua polepole zaidi, na wafanyakazi wengi wa kizungu hawakunufaika, kwa kuwa viwanda na mashamba yaliyokosa mikono hiyo hayakuhitaji tena hata wasimamizi na mafundi wake. Wenye mashamba wa California waliwageukia Wajapani, na mwaka 1905 vyama vya wafanyakazi vya San Francisco vikaunda umoja wa kuwapinga Wajapani na Wakorea, kwa tuhuma zile zile za ujira, uchafu na kutojichanganya.

Sheria ya kuwazuia Wachina ilifutwa mwaka 1943, China ikiwa mshirika wa Marekani katika vita dhidi ya Japani. Ushindani wa kazi uliotajwa miaka 61 nyuma ulikuwa umesahauliwa, na Mchina akaruhusiwa kuomba uraia. Aliwekewa pia mgawo wa kuingia: watu 105 kwa mwaka. Wahamiaji wa Ulaya walihesabiwa kwa nchi waliyozaliwa, lakini Mchina alihesabiwa ndani ya wale 105 kwa damu yake, popote alipozaliwa duniani.